The Lottery ya Shirley Jackson: kila mtu anazungumzia sanduku jeusi, mbona hakuna anayeuliza habari za mawe?

#1 BintiMsomaji
Wakuu, habari za jioni.

Jana nimemaliza kwa mara ya tatu hadithi fupi ya Mmarekani Shirley Jackson, The Lottery, na safari hii nimelala nayo kichwani. Kwa wasioijua: kijiji cha watu kama 300, asubuhi ya tarehe 27 Juni, jua zuri, maua yamechanua. Watu wanakusanyika saa nne uwanjani, kati ya posta na benki, ili bahati nasibu ya kila mwaka iishe mapema wawahi chakula cha mchana. Kila baba mwenye nyumba anachota karatasi kwenye sanduku jeusi. Yenye doa inaangukia nyumba ya Bill Hutchinson. Kisha watu wa nyumba ile wanachota upya, mmoja mmoja, na doa linatua kwa mkewe, Tessie. Wanampiga mawe hadi kufa.

Kila uchambuzi ninaokutana nao unaanza na sanduku: limechakaa, rangi imebanduka, ndiyo mila iliyozeeka. Sawa. Lakini mimi nasema sanduku linatupumbaza. Alama kuu ni mawe, na yapo tangu aya ya pili! Watoto ndio wanaoyaokota. Bobby Martin anajaza mifuko yake, wenzake wanamwiga, wanachagua yaliyo laini na ya mviringo, wanarundika pembeni mwa uwanja na kulilinda rundo lao lisivamiwe na watoto wengine. Mara mbili za kwanza niliisoma aya ile nikaona watoto wanacheza tu. Nani yuko nami?

#2 Fundi_Cherehani
Nimekaa siti ya mbele, wataalamu waje.

#3 MwalimuWaFasihi
Mleta mada hongera kwa uzi. Ila nakupinga. Sanduku ndilo lenye mamlaka pale. Tazama watu wanavyokaa mbali na kile kigoda lilipowekwa, na Bwana Summers, mwendeshaji wa bahati nasibu, akiomba mtu wa kulishikilia, wanasitasita kabla Bwana Martin na kijana wake hawajajitokeza. Jiwe ni jiwe tu mpaka sanduku liseme.

Halafu kuna ile habari kwamba sanduku la sasa limetengenezwa kwa vipande vya lile la zamani. Watu wanasimulia hivyo, hakuna aliyeshuhudia. Summers kila mwaka anazungumzia kutengeneza jipya na kila mwaka maneno yanaishia hewani. Sisi walimu tunaisomesha hapo, na si bure.

#4 Mzee_wa_Ngano
Kigoda kina miguu mitatu. Mkumbuke Utatu Mtakatifu. Mwandishi anaisema dini waziwazi.

#5 DadaZai_Tanga
@Mzee_wa_Ngano shikamoo mzee wangu, lakini hapo umevuta kamba mno. Bibi yangu alikuwa na kigoda cha miguu mitatu jikoni, na si cha Utatu. Sakafu ilikuwa ya udongo, ina mabonde. Kiti cha miguu minne kinayumba, cha mitatu kinatulia popote. Uwanja wa kijiji una nyasi, hauko sawa. Mtu wa shamba anaweka kigoda kisichoyumba, basi.

#6 Mzee_wa_Ngano
Marahaba mjukuu. Miguu nakuachia, dini siachi. Fungueni Yoshua 7. Waisraeli wameshindwa vitani, Mungu anasema kuna mwizi kati yao. Wanasogezwa kabila kwa kabila, likatwaliwa kabila la Yuda. Kisha jamaa kwa jamaa, kisha nyumba kwa nyumba, kisha mtu kwa mtu, hadi akapatikana Akani mwana wa Karmi. Wakampiga mawe katika bonde la Akori. Someni kisha mrudi kwa Jackson: kwanza nyumba zote, kisha nyumba moja, kisha mtu mmoja. Mpango ni uleule hatua kwa hatua. Na mwisho wake ni mawe.

Na Walawi 16 mbuzi wawili wanapigiwa kura, mmoja wa Bwana, mmoja wa Azazeli anayebebeshwa dhambi za watu wote na kupelekwa jangwani.

#7 BintiMsomaji
Mzee, hiyo ya Akani sikuwahi kuiunganisha. Nimefungua Biblia sasa hivi, nywele zimenisimama.

#8 Kaka_Wakili
Tofauti ni kubwa lakini. Akani aliiba: joho, fedha shekeli 200 na kabari ya dhahabu ya shekeli 50. Ana kosa na amekiri. Tessie ana kosa gani? Amechelewa kwa sababu alisahau tarehe, akaja mbio huku anafuta mikono kwenye aproni. Tena akamtania Summers kwamba asingetaka aache vyombo kwenye sinki, watu wakacheka. Jackson amechukua hukumu yote akaondoa kosa. Kilichobaki ni utaratibu mtupu.

Halafu kuhusu #1: hadithi haisemi Tessie amekufa. Jiwe linampiga upande wa kichwa, anapiga kelele kwamba si haki, kisha wanamvamia. Inakatikia hapo.

#9 BintiMsomaji
Kweli kabisa, hapo nimeongeza la kwangu. Asante.

#10 Chuma_cha_Pua
Mbona mnazunguka? Hii hadithi inahusu Senator McCarthy na msako wa wakomunisti Marekani. Watu walikuwa wanatajana majina bila ushahidi.

#11 MwalimuWaFasihi
Tarehe zinakukatalia ndugu. Hadithi ilitoka katika jarida la The New Yorker toleo la 26 Juni 1948, siku moja kabla ya tarehe iliyomo ndani ya hadithi. McCarthy alijulikana kwa ile hotuba yake ya Wheeling, West Virginia, Februari 1950. Ukisema hofu ilishaanza kabla yake nakubali, kamati ya Bunge ilikuwa inawahoji watu wa Hollywood mwaka 1947. Ila kumtaja McCarthy kama chanzo, hapana.

Mimi naona vita ni karibu zaidi. Miaka mitatu tu tangu 1945, dunia ndiyo kwanza imeona picha za kambi za Wanazi. Watu wa kawaida, wenye posta na benki na ada ya shule, walishiriki. Mume wa Jackson, Stanley Edgar Hyman, alikuwa Myahudi. Mambo haya yalikuwa mezani kwao.

#12 Mkimbizi_wa_Zamani
Jambo wote. Mimi ni Mrundi, naishi Burlington, Vermont, mwaka wa tisa. Jackson aliishi North Bennington, upande wa kusini wa jimbo hilihili, mume wake alifundisha Bennington College. Nilipitia kule kikazi. Ni mji mdogo, na kuna mlima kweli. Yeye mwenyewe alieleza kwamba wazo lilimjia akisukuma kigari cha mtoto kupanda mlima, ana mboga za dukani ndani yake, akafika nyumbani akaandika.

Nitasema kitu juu ya mawe, kwa sababu mleta mada ana haki. Hapa mashamba yamejaa mawe. Ukitembea msituni unakuta kuta za mawe za wakulima wa zamani, ndefu, hazina saruji. Kila majira ya baridi ardhi inaganda, na barafu ikiyeyuka mawe mapya yanasukumwa juu. Jirani yangu mzee ananiambia zao la kwanza la mwaka hapa ni mawe. Kuyaokota shambani ilikuwa kazi ya watoto. Kwa hiyo mtoto anayeokota mawe kwa msomaji wa huku si kitu cha kushangaza. Ni kazi ya shamba. Ndiyo maana hakuna aliyeshtuka.

#13 BintiMsomaji
Hapa umenipa kitu ambacho sijakisoma popote. Mungu akubariki.

#14 Fundi_Cherehani
Wakuu samahani, kwani hii si kama mchezo wa kinamama mtaani? Kwetu kijumbe anaweka namba kwenye kopo, kila mtu anachota, anajua zamu yake ya kupokea.

#15 DadaZai_Tanga
Fundi wewe, mchezo wetu aliyechota namba ya kwanza ananunua kabati, hapigwi mawe! Usitutie nuksi.

#16 Fundi_Cherehani
Dada nisamehe, lakini ndiyo hoja yenyewe. Ukinionyesha watu wamekusanyika, wana kopo, wanachota karatasi, mimi nasubiri furaha. Jina lenyewe ni bahati nasibu. Nilidhani mtu atapata trekta.

#17 Kaka_Wakili
Fundi amegusa penyewe. Tutaitafsirije hadithi hii? Ukiiita Bahati Nasibu, msomaji anasubiri zawadi, na ndicho alichokitaka mwandishi. Ukiiita Kura, neno linabeba mengi zaidi: kura ya Biblia, kura ya kugawana viwanja, na kura ya uchaguzi. Kwetu kupiga kura ni kuchagua kwa hiari, na pia ni kuachia bahati iamue. Neno moja limekaa pande zote mbili. Mle kijijini wanadhani wanaachia bahati, kumbe kila mwaka wanachagua upya kuendelea.

#18 MwalimuWaFasihi
Bahati Nasibu. Kura inafichua mapema mno.

#19 Mzee_wa_Ngano
Kura. Bahati Nasibu inanuka matangazo ya redio.

#20 Malenga_Kijana
Mkimaliza kugombania jina, nani atatafsiri msemo wa Mzee Warner, yule mkongwe wa kijiji? Ule wa kwamba bahati nasibu ikifanyika Juni mahindi yatakomaa yawe mazito. Kwa Kiingereza una vina. Nimejaribu hivi:

Juni kura sandukuni,
mahindi tele ghalani.

Mizani 8 kwa 8, kina cha mwisho ni "-ni".

#21 DadaZai_Tanga
Hapo umetisha mdogo wangu. Ila ghala ni baada ya mavuno, na Juni mahindi ya kule bado machanga. Sema "shambani".

#22 Malenga_Kijana
Nimeupokea. Mahindi tele shambani. Mizani imebaki.

#23 Mzee_wa_Ngano
Msemo huo ndio ufunguo. Zamani walikuwa na sababu: kafara kwa ajili ya mvua na mavuno. Sasa Warner peke yake ndiye anayekumbuka, na yeye anajisifu tu kwamba hii ni mara yake ya 77. Akiambiwa kijiji cha kaskazini wanafikiria kuacha, anawaita wajinga, anasema watarudi kula magugu na mikokwa.

#24 Kaka_Wakili
Hiyo "mikokwa" nadhani ni matunda ya mwaloni, mzee. Lakini sikubali kwamba ni ufunguo. Wengine wote pale hawatambiki chochote. Wanazungumza habari za matrekta na kodi. Summers ni mfanyabiashara wa makaa ya mawe, ndiye huyohuyo anayeendesha ngoma na klabu ya vijana. Doa lenyewe alilichora usiku uliotangulia kwa penseli nzito, ofisini kwake. Anayechora doa ni mwenye kampuni, anayemsaidia ni bwana posta, Graves. Hao ndio serikali ya pale. Mkulima anachota, mwenye ofisi anachora.

#25 Chuma_cha_Pua
Na Graves maana yake makaburi. Summers majira ya joto. Warner mwonyaji. Adams ni Adamu. Delacroix ni Kifaransa, "wa msalaba", na wanakijiji wanalitamka vibaya.

#26 MwalimuWaFasihi
Majina tahadhari. Martin na Watson utawapa maana gani? Ila Hutchinson nakubali si bure. Anne Hutchinson alikuwa mwanamke wa Massachusetts aliyewafundisha watu dini nyumbani kwake, wachungaji wakamshtaki, akafukuzwa koloni mwaka 1638. Msomaji wa New England jina hilo analijua tangu shule.

#27 Nuru_ya_Pwani
Naomba niingie kama mwanamke na mama. Mnamlilia Tessie, mimi pia namlilia. Lakini someni anachofanya doa likishaangukia nyumba yake. Kwanza anasema mumewe hakupewa muda wa kutosha kuchagua. Kisha anasema binti yake Eva aliyeolewa na mumewe Don nao waingizwe wachote! Anajibiwa kwamba binti akishaolewa huchota na ukoo wa mume. Mama anataka kumwingiza mwanawe kwenye kifo ili hesabu ya karatasi iongezeke. Nilipofika hapo niliweka simu chini nikaenda kumtazama binti yangu aliyelala.

Na dakika chache nyuma alikuwa anamhimiza mumewe apande akachote, watu wanacheka. Hakulalamika mwaka mwingine wowote. Kosa lake, kama lipo, ni kwamba haki aliikumbuka siku ilipomgusa.

#28 DadaZai_Tanga
Nuru, umesema kweli na imeniuma. Lakini nani alimfundisha kuwaza hivyo? Nyumba inachotewa na mwanamume. Bi Dunbar ambaye mumewe amevunjika mguu anaulizwa kama hana mtoto wa kiume mkubwa, na kila mtu anajua hana. Mwanamke anachota pale mwanamume akikosekana. Bill anamwambia mkewe mbele za watu anyamaze, kisha anamnyang'anya karatasi mkononi na kuinyanyua juu. Mume ndiye anayemwonyesha.

#29 Nuru_ya_Pwani
Na bado mimi ningesema chukueni mimi, mwacheni Eva.

#30 DadaZai_Tanga
Insha'Allah usije ukaulizwa, shoga yangu.

#31 Kimya_Kingi
Huwa nasoma tu humu, siandiki. Leo naandika.

Nilikuwa darasa la sita, Morogoro. Tunatoka shule, kelele za "mwizi" zikatoka upande wa soko. Tukakimbia wote, begi linanipiga mgongoni. Nilipofika watu wameshafanya duara. Kijana amekaa chini, shati limechanika, kiatu kimoja. Sikujua ameiba nini, na hadi leo sijui. Niliinama nikaokota jiwe kwa sababu rafiki yangu aliinama. Lilikuwa na upande mmoja wenye saruji iliyoganda, na lilikuwa la moto kwa jua. Nakumbuka joto lile kwenye kiganja. Nilirusha. Sijui kama lilimpata.

Kilichonishika kwenye hadithi ni Bi Delacroix. Mwanzoni ndiye anayecheka na Tessie alipochelewa kufika. Mwishoni anachagua jiwe kubwa hadi analishika kwa mikono miwili. Watu wanauliza rafiki anawezaje. Anaweza. Rafiki yangu wa darasa la sita alikuwa jirani wa kijana yule.

#32 BintiMsomaji
@Kimya_Kingi nimesoma mara mbili. Asante kwa kuandika. Ilikuchukua muda gani kuisema?

#33 Kimya_Kingi
Miaka 24. Mke wangu ataisoma humu.

#34 Mkimbizi_wa_Zamani
Ndugu yangu pole sana. Sisi tuliotoka maziwa makuu tunajua jiwe na panga vikiwa mkononi mwa jirani. Sitasema zaidi.

#35 MwalimuWaFasihi
Poleni wote wawili.

Niongeze kitu kimoja kuhusu wasomaji wa kwanza. Jackson alipokea barua zaidi ya 300 majira yale ya joto, na alisema zilizokuwa na maneno mema ni 13 tu, nyingi za marafiki. Hata mama yake alimkemea. Kilichomshtua zaidi ni walioandika kuuliza bahati nasibu hizi zinafanyika wapi, na kama wanaweza kwenda kutazama.

#36 Chuma_cha_Pua
Kutazama?! 

#37 MwalimuWaFasihi
Kutazama. Baadaye alilijibu gazeti moja la San Francisco kwamba alikusudia kuichukua ibada ya kikatili ya kale na kuiweka leo, katika kijiji chake mwenyewe, ili wasomaji waushtukie ukatili usio na maana uliomo katika maisha yao. Na Afrika Kusini waliipiga marufuku. Mumewe aliandika kwamba Jackson alilionea fahari jambo hilo, kwani aliona hao angalau walikuwa wameielewa. Kumbukeni chama cha makaburu kilishinda uchaguzi tarehe 26 Mei 1948, mwezi mmoja tu kabla ya hadithi kutoka.

#38 Kaka_Wakili
Basi serikali ile iliona nilichokiona #24. Penseli na orodha ya majina.

#39 Mzee_wa_Ngano
Au waliona Yoshua 7. Makaburu walikuwa wasomaji wakubwa wa Biblia, wakili.

#40 BintiMsomaji
Narudi kwenye mawe yangu. Baada ya kuwasoma wote bado nasimama palepale, ila sababu imebadilika. Mwandishi anasema wanakijiji wamesahau ibada na wamepoteza sanduku la kwanza, lakini kutumia mawe wanakumbuka. Mwalimu, hiyo ni sentensi yake, si yangu. Vipande vya mbao wameviacha wakaweka karatasi, wimbo wa zamani umepotea, saluti imepotea. Kilichobaki ni rundo.

#41 MwalimuWaFasihi
Nakupa sentensi hiyo. Ila bila sanduku nani angejua amrushie nani?

#42 Nuru_ya_Pwani
Morogoro hapakuwa na sanduku, mwalimu.

#43 MwalimuWaFasihi
…Nitarudi kesho.

#44 Malenga_Kijana
Wakati mwalimu anatafakari: nimeanza kutafsiri ukurasa wa mwisho kwa ajili ya kikundi chetu, nimekwama sehemu moja. Mtoto mdogo wa Tessie, Davy, anapewa mawe madogo machache ili naye amrushie mama yake. Mwandishi hasemi nani amempa. Kiingereza kinasema ni mtu fulani tu. Niandike "mtu mmoja akampa Davy" au "Davy akapewa"?

#45 Kaka_Wakili
"Akapewa." Mtoaji amepotea kabisa, ndivyo inavyotakiwa.

#46 Kimya_Kingi
Hapana. Andika "mtu mmoja akampa". Alikuwepo mtu. Aliinama, akaokota, akamfungua mtoto kiganja.

#47 Malenga_Kijana
Nimeandika "mtu mmoja akampa". Na mawe yenyewe? Nimeweka vijiwe, lakini vijana wa kwetu watasoma wataona maskani ya kahawa.

#48 DadaZai_Tanga
Kokoto basi.

#49 Fundi_Cherehani
Kokoto ni za zege, zina kona kali. Za mtoto zingekuwa za mtoni, laini. Mleta mada si alisema walichagua yaliyo laini?

#50 BintiMsomaji
Ndiyo, laini na ya mviringo. Malenga, andika tu "mawe madogo". Atakayesoma ataona ukubwa wa mkono.